Mume Wangu wa Kwanza Alivaa Koti la Kaka Yake

Mume wangu wa kwanza alikuwa mwanamke. Wenye makosa nawataja: shangazi yangu aliyenisukuma, na wifi yangu aliyevaa koti.

Tulikuwa Kalenga, miaka ya hamsini. Mchumba wangu alikuwa Kusini, kwenye migodi ya dhahabu. Akatuma barua kwao: nioleeni huyo binti kabla baba yake hajamwoza mwalimu. Padri alikataa katakata kufungisha ndoa na barua. Basi wakaifunga nyumbani, kimila, dada wa mchumba akasimama badala yake, ndani ya koti jeusi la kaka yake lililomfika magotini.

"Mume ndiye huyu," shangazi akaniambia. "Usicheke."

Nilicheka. Wifi akanikanyaga mguu.

Tangu siku hiyo sikupumua. Kila asubuhi wifi anavaa koti, anakaa kwenye kigoda. "Mke wangu, maji ya kuoga!" "Mke wangu, ugali huu mbichi!" Nikichota maji mtoni, nikirudi kuni zinaningoja. Nikilalamika kwa shangazi, ananiuliza, "Mumeo unamshitaki kwangu?" Mimi nilitaka kitu kimoja tu: jiko langu mwenyewe, nipike bila kuamrishwa na yule mwanamke.

Miaka miwili hivyo, ndipo mwenye koti akarudi na sanduku lake la bati. Ukoo ukajaa uani. Akaketi, akaniagiza maji ya kunawa.

"Kamwene, mgeni," nikamwamkia. "Mimi mke wa mtu. Muombe ruhusa mume wangu, yule pale."

Wazee walicheka mpaka mmoja akamwaga pombe yake. Wifi akafoka, "Acha upumbavu, wewe! Mimi nilisimama tu!"

"Ulisimama siku moja, wifi. Mbona umeoga miaka miwili?"

Wazee wakaamua: mume anayemwachia mwenzake mke amkabidhi vizuri. Wifi akavua koti mbele ya watu wote, akaambiwa achote maji na kuni mpaka nijengewe jiko. Lilimalizika kwa siku nne. Maji ya kukandia udongo alichota yeye, na sijawahi kuona mtu mwenye haraka kama ile.

Nikahamia, nikasonga ugali wangu wa kwanza. Mume wangu mpya akaingia, kavaa lile koti.

"Mke wangu, maji ya kuoga!"

Alipokwenda kuoga aliliacha kwenye msumari. Nikalikata mikono yote miwili. Ilinifaa sana kuepulia sufuria.