Damu ya Ng'ombe wa Molo

Mwaka wa 2007 nilikuwa nimekodi chumba Section 58, mtaa wa Nakuru. Mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja, lakini kazi ya maabara ya mifugo ilinishika. Daktari wetu, mama wa maneno machache, alitafuta chanjo ya ndigana, homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe. Alikuwa na mamia ya vipande vidogo vya protini ya kijidudu cha ugonjwa huo, peptidi, kila kimoja kwenye kishimo chake katika sahani ya plastiki. Tulivimwagia maji ya damu ya ng'ombe aliyeugua akapona. Kingamwili, askari wa mwili waliomo katika damu hiyo, zikitambua kipande, zinakishika. Kazi yangu ilikuwa kuosha: zisizoshika zinaenda na maji, kisha dawa inageuza kishimo kilichobaki nazo kuwa cha manjano, na kipande hicho huenda kikafaa chanjo.

Sahani nyingi hazikubadilika rangi. Damu ya ng'ombe mmoja tu, wa mzee fulani karibu na Molo, ilitoa manjano, vishimo vitatu vilivyopakana. Daktari alitaka kurudia, ila damu ilikuwa imeisha. Tulipoenda kuchukua nyingine, mzee alikataa.

"Ana mimba. Mnataka kumnyonya damu ndama pia? Rudini akizaa."

Hatukubishana, ng'ombe ni wake. Angezaa baada ya Krismasi.

Baada ya Krismasi ukaja uchaguzi, kisha ghasia na moto. Barabara ya Molo ilipofunguka, nilitumwa na boksi la barafu. Boma lilikuwa majivu na mabati yaliyojikunja. Mzee nilimpata Nakuru, katika kambi ya waliochomewa nyumba, kwenye foleni ya uji, amevaa koti la mtu mwingine.

"Wewe wa sindano," akasema. "Umechelewa. Alizaa jike."

"Wako wapi, mzee?"

"Uliza waliowaswaga." Akanishika mkono. "Hiyo mashini yenu. Nikimwona sokoni, inaweza kusema ni wangu?"

Nilimwambia hapana, tunapima ugonjwa tu.

"Sasa ni ya nini?"

Mama aliyekuwa nyuma yake akacheka. "Mzee, wacha kijana. Hata wewe hakuna mashini inakujua hapa."

Maabarani, daktari alinisikiliza hadi mwisho, akatazama boksi tupu. Alisema jibu la mara moja si jibu. Akafuta namba za vile vishimo vitatu kwenye ubao wa ukutani, akanisogezea sahani nyingine, damu ya ng'ombe wengine. Niliosha hadi jioni. Hakuna kishimo kilichogeuka.