Kalamu Nyekundu Jaladani

Kila asubuhi muuza magazeti wa Kalamba hulamba kidole, husoma kitabu cha katuni kilicholetwa na basi mpaka ukurasa wa mwisho, kisha kwa kalamu nyekundu huweka alama kwenye uso wa shujaa jaladani: tiki akipona, msalaba akifa. Toleo la leo, la shujaa nimpendaye, nililisubiri mwezi mzima. “Msomi, leo ungekuja na leso,” alinicheka, akinipa nakala yenye msalaba mkubwa. Mimi, ambaye hata chuoni sikuwahi kuinua mkono darasani, nilipaza sauti sokoni. “Nani alikupa ruhusa ya kutuharibia hadithi?” Alifunika kalamu yake polepole. “Wamama wa soko wanafuata picha tu, dada, kusoma hawajui. Wakipita hapa wanataka kuona kama shujaa alipona.”