Matoazi ya Shemeji Veijo

Sebuleni kwa shemeji yangu Veijo, hapa mjini Tampere, kuna kiti kimoja tu. Si umaskini. Santuri, anasema, husikika sawasawa mahali pamoja, katikati ya spika mbili, na mahali hapo ni pake. Dada yangu Hilkka, mkewe, amesikiliza muziki huo ndoa yake yote akiwa jikoni, amesimama, kitambaa cha vyombo mkononi.

“Na wageni je, wakae wapi?” nilimuuliza Veijo siku moja.

“Wageni wa nini, Marketta? Wanaongea!”

Maisha yake yote alifanya kazi kiwanda cha karatasi, kando ya mashine zinazonguruma kutwa, na vizibo vya masikio hakutaka hata kuviona. Mshahara uliishia kwenye santuri. Alizifuta kwa brashi laini, akizishika ukingoni tu. Dada yangu hakuwahi kushikwa hivyo.

Alipostaafu ndipo balaa lilipoanza. Matoazi yamepotea kwenye muziki, akasema. Ngoma anaisikia, besi anaisikia, ila ule mlio mwembamba wa juu hamna. Akabadilisha sindano. Akabadilisha amplifaya. Wapi!

Kiangazi kile tulikuwa kwenye nyumba ya ziwani aliyoijenga marehemu baba. Alimwachia Hilkka, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza, na Hilkka alitaka kuzeekea pale. Tulikuwa tumetoka sauna, kuoga mvuke, tumekaa ngazini tunakula soseji, panzi wanapiga kelele majanini hadi kero.

“Mwaka huu panzi wameisha,” Veijo akasema.

Tukatazamana mimi na Hilkka.

“Shemeji, panzi wapo tele,” nikamwambia. “Masikio yako ndiyo yameondoka. Nenda kwa daktari.”

Lo! Aliwaka. “Masikio haya? Mimi nasikia sindano ikianza kuchakaa! Wewe wa kusikiliza redio ya jikoni, utaniambia nini?” Akaenda kulala bila kuaga. Sikio la kufa halisikii dawa.

Majira ya baridi zikatangazwa spika alizoziota tangu ujana. Hela hakuwa nayo. Akamlilia Hilkka, mzee mzima, machozi yanamtiririka: muziki umenifia, mke wangu, nirudishie. Na dada yangu, nina hasira naye hadi leo, akatia saini. Nyumba ya baba, sauna, ngazi za kuteremkia majini, vyote vikaenda kwa watu wa Helsinki.

Siku spika zilipofungwa nilikuwa nimekuja kunywa kahawa. Veijo akaketi kitini pake, akashusha sindano. Mungu wangu, ulikuwa muziki mzuri! Matoazi yalilia wazi hadi jikoni tuliposimama, kila pigo peke yake. Hilkka akafumba macho.

Veijo akanyanyua sindano.

“Bado,” akasema. “Itakuwa ni hizi nyaya.”

Nikafungua mdomo. Hilkka akanishika mkono, akaubana hadi nikaumia.

“Labda ni nyaya, Veijo,” akamjibu, akarudi kwenye vyombo vyake.