Mwaka Mama Mkwe Alipotega Mlangoni

Mimi ni mzaliwa wa Kibuta, na kwetu samaki tulimjua akiwa mkavu tu, mweusi kwa moshi, amefungwa kwa kamba za mgomba. Nilipoolewa bondeni, upande wa Mlandizi, nilikuta watu ambao masika yakiisha hukunja mikeka, hubeba vyungu, na kuhamia kando ya mabwawa ya mto Ruvu. Waliita kwenda dago. Walijenga vibanda vya nyasi, wakavua na kukausha samaki, na hawakurudi nyumbani mpaka mabwawa yawe yamekauka.

Uvuvi ule ulitegemea mto wenyewe. Ruvu ukifurika, maji humwagika mabondeni na samaki huyafuata, wakazaliana kwenye majani. Mvua zikikatika maji huanza kurudi mtoni, na samaki nao hutaka kurudi. Njia yao ni mfereji mwembamba unaounganisha bwawa na mto. Mfereji huo ndio uliokuwa ukiitwa mlango. Kila ukoo ulikuwa na mlango wake, na majira ya mwanzo, maji yanapoanza tu kugeuka, ndiyo yaliyokuwa na samaki wengi.

Mwaka ninaousimulia, baba mkwe alikuwa amefariki kabla ya masika. Mama mkwe alikaa eda mvua zote zikinyesha, na alipotoka, maji yalikuwa yameanza kupungua. Mume wangu alikuwa kwenye shamba la mkonge, hajamaliza kipande chake cha siku za kazi, hivyo hakuweza kuja. Tulikwenda dago mama mkwe na mimi, pamoja na mdogo wake marehemu na mkewe.

Jioni tuliyofika, yule mdogo wa marehemu, shemeji yake mama mkwe, alikuja kibandani kwetu, akachutama mlangoni.

"Shemeji," alisema kwa upole, "mwaka huu pumzika. Mlango wa kaka nitaushika mimi. Kitoweo hutakosa."

"Ahsante, shemeji," mama mkwe alijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Nilidhani mambo yamekwisha, na kusema kweli nilifurahi, kwa sababu nilikuwa naogopa maji. Lakini alfajiri niliamka nikakuta mkeka wake mtupu. Nilifuata njia ya mferejini na kumwona amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, kanga ameifunga kifuani, anakita fito kwenye matope.

"Umesimama nini, mwanangu? Niletee matete."

"Mama, mamba."

"Mamba yuko kule kwenye kina cha mto. Hapa pembamba, tungemwona. Leta matete."

Niliingia. Matope yalikuwa baridi, yakanimeza miguu mpaka kwenye magoti, na kitu laini kilinipita kwenye ugoko nikapiga kelele. Mama mkwe hakunicheka. Alinishika mkono, akanivusha penye maji machache, akaniweka upande wa pili wa mfereji, akanionyesha namna ya kufunga matete kwenye fito, na mahali pa kuacha nafasi ya mgono, lile tenga refu ambalo samaki huingia asiweze kutoka. "Mdomo uangalie bwawani," alisema. "Huko ndiko anakotoka."

Jua lilikuwa limechomoza shemeji yake alipofika, panga mkononi na mzigo wa fito begani.

"Shemeji, si tulikubaliana jana?"

"Ulikubali wewe. Mimi nilisema ahsante."

"Watu watasema nimemwacha mjane wa kaka yangu anahangaika majini."

Mama mkwe aliacha kufunga. "Kaka yako alipokuwa akitega mlango huu, nani alikuwa akisimama upande wa pili?"

Yule bwana alijua, kama walivyojua wote, kwamba ni yeye mama mkwe, tangu alipokuwa mwari kama mimi.

"Basi waache waseme," mama mkwe aliendelea. "Ila hapo katikati pana kina, sipafikii. Ingia utusaidie."

Aliutua ule mzigo, akakunja shuka lake, akaingia.

Asubuhi iliyofuata migono ilikuwa mizito. Perege walikuwa wengi, na kambale mmoja mnene alinichoma kwa mwiba wake nikatokwa na machozi. Tulijenga chanja, tukawasha moto wa taratibu chini yake, na siku zikawa za kupasua samaki, kugeuza samaki, kula samaki. Mke wa shemeji yake alinifundisha kuimba nyimbo zao za kusukia migono, nami nikawa nazikosea makusudi ili wacheke.

Kisha siku moja, mbingu nyeupe bila hata wingu, maji yaligeuka rangi yakawa mekundu. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu kwenye milima ya Uluguru. Tulipofika mlangoni, maji yalikuwa yanarudi bwawani kwa nguvu, na uzio wetu wa matete umelala kama mtu aliyeelemewa na mzigo. Tuliingia wote tukaushika. Fito zilikatika moja baada ya nyingine. Nami nilikuwa nimekumbatia mgono mmoja, siuachii.

"Achia!" mama mkwe alinipigia kelele. "Achia, mwanangu! Migono tutasuka!"

Sikuachia. Shemeji yake ndiye aliyenivuta kwa kanga mpaka ukingoni, mimi na mgono wangu. Uzio wote ulikwenda.

Mama mkwe alikaa kwenye majani akaanza kucheka. Alicheka sana, halafu kicheko kikageuka kilio. Eda nzima sikuwa nimemwona akilia. Sasa alilia kwa sauti, akimwita mumewe, akimwambia uzio umechukuliwa na maji na yeye hayupo. Shemeji yake aligeuka akaangalia mto. Mkewe akaenda kukaa na mama mkwe, bega kwa bega, bila kumnyamazisha. Mimi nilikaa upande wa pili, maji yakinichuruzika.

Alipomaliza, alijipangusa uso kwa pindo la kanga, akauliza, "Humo mna nini?"

Nikafungua. Mlikuwa na perege wawili wadogo.

"Haya," alisema. "Kasongeni ugali."

Maji yalipungua tena. Tulikata matete mapya, tukasuka, tukatega. Hatukupata wengi kama wa mwanzo, lakini tulirudi nyumbani na mizigo kichwani.

Mume wangu alipotoka mkongeni, alipakuliwa kambale wa nazi. Alikula kwanza, ndipo akauliza ni nani aliyetega mlango mwaka ule.

"Mimi na mkeo," mama yake alimjibu.

Aliniangalia mikono, iliyokuwa bado na makovu ya matete. "Huyu wa Kibuta?"

"Huyu huyu. Ongeza mchuzi, unapoa."