Kamba Moja na Baba Mkwe

Viatu vyangu vya kwanza nilivinunua Bazaari, pale katikati ya mji, kwa Mhindi mmoja mwenye duka jembamba kama kabati. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa miguu mitupu, na nyayo zangu zilikuwa ngumu, mwiba ukiingia ni mwiba unaoumia. Mwenye duka akanivalisha cha kulia, kikanibana. Akanivalisha cha kushoto, kikapwaya. Nikamwambia viatu hivi si ndugu. Akaniambia hata miguu yangu si ndugu, nitembee tu, vitapatana njiani.

Havikupatana. Vikawa vinalia. Nilitoka mjini kwa miguu hadi Kilimani, na Kilimani ya siku hizo haikuwa hii ya maghorofa, ilikuwa nyumba za Wazungu zimejificha ndani ya miti, kila nyumba na mbwa wake, na mbwa wote wa njia ile walinisindikiza mpaka nikakata kuelekea Karen. Huko ndiko nilikokuwa nimeandikwa kazi ya bustani, nyumbani kwa Mzungu mmoja. Kusoma nilisoma kidogo tu, mwalimu alipohama na mimi nikahama, kwa hiyo msinitafutie makosa ya herufi. Nilikuwa nasema viatu.

Mpishi wa nyumba ile alikuwa mzee wa kwetu magharibi, mrefu, mkavu, kanzu nyeupe na mkanda mwekundu kiunoni, na akikohoa tu hata kuku walinyamaza. Siku ya kwanza aliposikia viatu vyangu uani aliniamuru nivivue, eti vitaharibu maziwa. Baadaye akageuza, akataka nisivivue kamwe. Sababu ilikuwa binti yake.

Binti alikuja kutoka nyumbani kukaa na shangazi yake kule Kabiria. Tulikutana kanisani, na mengine hayawahusu. Nikapeleka habari kwa baba yangu, baba akatuma wazee kwa watu wa mpishi, na habari zikazunguka mpaka zikamfikia mpishi mwenyewe jikoni kwake, huku mimi nikimwagilia maua nje ya dirisha lake. Hakusema ndiyo, hakusema la. Alichofanya ni kuanza adabu.

Kwetu mtu na baba mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hamgusani, hamketi benchi moja, hamtazamani usoni kama wauza mbuzi. Na kijana akimwona mzee bila nguo, hiyo posa imekufa, haina wa kuifufua. Watu wengine hulegeza mambo haya. Yeye alikaza. Kwa hiyo mimi adabu ya mkwe nilianza kuilipa kabla sijapewa mke. Viatu vikilia mlango wa mbele, mzee anatokea wa nyuma. Akitaka vitunguu kutoka bustani, anamwambia mbwa wa bwana, kwa sauti ya kutosha, kwamba ingekuwa vizuri kama kungekuwa na mtu wa kuleta vitunguu. Mimi navileta, naviacha juu ya jiwe, naondoka. Yule mbwa alipata heshima kubwa mwaka ule. Lakini neno nililolingoja, la kwamba wazee wangu waje, hakumpa hata mbwa.

Sasa bwana wetu. Alikuwa na ofisi mjini, lakini moyo wake ulikuwa juu ya Mlima Kenya. Ilikuwa ile miaka ya mwisho mwisho ya hali ya hatari, mlima umeanza kufunguliwa tena, na yeye akawa anachukua Wazungu wenzake ambao hawajapanda hata ngazi, anawapeleka kule kuwafundisha kutembea juu ya barafu. Alisema ni matembezi ya wanaoanza, mepesi, hata bibi kizee anaweza. Safari hiyo alikuwa na wanafunzi wawili, missy mmoja, msichana wa Kizungu mpiga chapa wa ofisini kwake, na Mzungu mmoja mnene aliyekuja na mto wake wa kulalia. Bwana akasema mpishi atakuja kupika, na mimi nitakuja kubeba sufuria.

Tulienda kwa Landrova, mzee kaketi nyuma kabisa akitazama tulikotoka, mimi nikitazama tunakokwenda. Kisha tukapanda kwa miguu, na wapagazi wa kule kule mlimani, na matope yaliyokuwa yamesimama wima kama ukuta. Huko juu kwenye kibanda mzee alipata aibu ya kwanza ya maisha yake. Alipika maharagwe tangu mchana, maji yanachemka kwa fujo, maharagwe yako vile vile kama changarawe. Bwana akaeleza kwamba juu sana maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Mzee hakukubali. Alisema maharagwe hayo yalinunuliwa na mtu wa bustani. Aliiambia sufuria, lakini nilisikia.

Asubuhi yule Mzungu mnene hakuweza kunyanyua kichwa kutoka kwenye mto. Kichwa kinampasuka, tumbo limegeuka. Bwana akawaachia wapagazi kazi ya kumwangalia, halafu akatutazama sisi. Nilijua kuna neno linakuja. Akasema barafu ina nyufa chini yake, haitembewi bila kufungwa kamba, na watu wawili kwa kamba ni hatari, mmoja akiteleza anamvuta mwenzake kama ng'ombe na mkia. Wanne ni sawa. Kwa hiyo na sisi twende.

Akatugawia zile zana. Viatu vya kufungiwa meno ya chuma chini, shoka jembamba la mkononi, na miwani myeusi kwa kila mtu, kwa sababu jua likipiga theluji linaweza kukupofusha. Mzee alikuwa amevaa koti kuukuu la bwana na suruali kuukuu ya bwana, na bwana alikuwa mtu mpana, kwa hiyo suruali aliikaza kwa kamba ya katani. Mimi nilimwona kwa pembe ya jicho tu, kama inavyotakiwa.

Ilipofika kufungwa, mzee akagoma. Hakumweleza bwana sababu, maana Mzungu ukianza kumweleza mambo ya mkwe jua litazama. Alisema tu kwamba yeye na kijana huyo hawawezi kamba moja. Bwana akadhani tumegombana. Akatoa mkono mfukoni, akatoa mwingine, akaangalia saa. Mwishowe mzee mwenyewe akapata njia. Missy afungwe katikati yetu. Kamba ya kijana itakomea kwa missy, na kutoka kwa missy inaanza nyingine, ambayo ni ya mzee. Niliitazama ile kamba, ilikuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mimi ni nani niseme.

Basi tukaingia barafuni, bwana mbele, mimi, missy, mzee nyuma kabisa. Nikwambie, barafu si kama mnavyoiona kwenye soda. Ni nyeupe hadi inageuka buluu, inalala kama ng'ombe mkubwa, na ukiikanyaga inajibu. Bwana alitufundisha kupiga mguu chini wote, meno yote yaume, na miguu ikae mbali isije ikakanyagana. Tulitembea kama bata wanne kwenye arusi. Missy alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilikuwa nimeanza kuipenda kazi ile. Mzee naye alinifundisha kupitia missy.

"Missy, mwambie anyanyue magoti, halimi viazi huyo."

Missy akageuka. "Yeye nasema wewe nyanyua goti."

Nikasema nimesikia. Ilikuwa mara ya kwanza sisi kuzungumza siku nzima tangu posa ianze.

Ufa ulikuwa mdogo, umefunikwa na theluji kama shimo la panya chini ya nyasi. Bwana alipita, mimi nikapita, missy akapita, mzee akatua kwa uzito wa mpishi na mguu wote ukazama. Wa pili ukafuata. Akaingia mpaka kwapani, akabaki pale kichwa na mabega juu ya theluji, miwani usoni, kama mtu aliyeketi kwenye karai la kuoga. Kamba ikakaza, missy akaanguka kwa makalio. Bwana akapigilia shoka lake barafuni, akazungushia kamba, akasema hakuna shida, ameshika, hawezi kwenda chini zaidi. Ila yeye hawezi kuiacha kamba, na missy alikuwa ameketi anatetemeka, hana nguvu ya kuvuta mtu mzima. Mimi niende nimshike mzee kwapani nimtoe.

Nikatambaa mpaka karibu. Mkono ukakataa. Si baridi. Nilikuwa naona nikimgusa tu, binti anarudishwa nyumbani kwa basi la kwanza.

"Missy," mzee akasema kutoka shimoni, sauti imetulia, "mwambie asinishike."

"Yeye nasema wewe hapana shika."

Kule mbele bwana anasema shika. Missy anasema hapana shika. Mimi niko katikati nimelala kifudifudi na kidevu kimeganda. Hewa ile ya juu ni nyembamba, nikaona midomo ya mzee inageuka majivu. Na nadhani naye aliona kwamba adabu ikiendelea hivi tutamzika nayo. Akatazama pembeni, akaiambia barafu:

"Koti hili si langu. Ni la bwana."

Nilielewa haraka kuliko nilivyowahi kuelewa kitu shuleni. Nikakamata kola la koti la bwana kwa mikono miwili. Sikumshika mzee hata kidogo, nilishika mali ya bwana, nikaivuta, na bwana akavuta kamba kule, na koti likaanza kupanda na mtu ndani yake. Lakini yale meno ya chuma ya mguu wake mmoja yalikuwa yamenasa suruali, na suruali ikanasa ukingo wa ufa. Ile katani ikakatika. Mzee akatoka. Suruali ilibaki vifundoni. Na suruali ya ndani, siku zile, ilikuwa ya matajiri.

Jua lilikuwa kali, hakuna wingu, na theluji ile nyeupe kila upande ilimulika kama taa za hospitali. Missy akageukia kilele, akakisoma kwa makini. Mzee akajifunika, akakata kipande cha ncha ya kamba ya barafu kwa shoka, akakifunga kiunoni, akaketi. Mimi nikasema moyoni, basi, imekwisha, nimepoteza mke juu ya barafu.

Kisha akasema, polepole, "Missy, muulize mtu huyo ameona nini."

Missy akawa mwekundu kama nyanya. "Yeye nauliza wewe naona nini."

"Mwambie," nikasema, "miwani hii ya bwana ni giza tupu. Tangu tutoke kibandani sijaona kitu, naongozwa na kamba tu."

"Hapana," missy akasema, "miwani ni mzuri, mimi naona sawasawa."

Mzee akamnyamazisha kwa mkono. Alikuwa amevaa miwani ile ile, ya sanduku moja. Akageuza kichwa huku na kule, kama anayepapasa gizani.

"Anasema kweli," akasema. "Miwani ya hovyo. Hata mimi sijui huyo ni nani."

Basi tukawa vipofu. Na ukishasema huoni inabidi usione mpaka mwisho. Tulishuka barafu ile yote tukiyumba, mimi nimeshika mkoba wa missy, mzee anaburutwa na kamba kwa nyuma, bwana anatufokea tuangalie tunapokanyaga, na sisi tunajibu tutaangalia vipi, bwana, na giza lote hili. Akachukua miwani yangu akaijaribu. Akaitazama tena. Akanitazama mimi. Kibandani mzee aligonga sufuria kwa mguu, kwa makusudi, nikasikia anacheka peke yake nyuma ya mabati. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Njia yote ya kurudi Nairobi mzee aliketi tena nyuma kabisa, akitazama tulikotoka. Tulimshusha missy mjini, yule mnene na mto wake pia, tukafika Karen jua limeinama. Mzee akashuka getini, hakungoja tuingie. Akavua koti la bwana, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya boneti ya gari. Mbwa alikuja mbio kumlaki. Mzee akainama kwa mbwa.

"Wazee wao waje nyumbani baada ya mavuno," alimwambia. "Na waambiwe kwamba watu wawili wasioonana hawawezi kula jiko moja, mmoja lazima aondoke."

Bwana akamwita, akamuuliza chai ya saa kumi na mbili itakuwaje. Mzee alikuwa ameshashika barabara ya Kabiria kwa binti yake, mgongo umenyooka, kipande cha kamba ya barafu bado kiunoni. Hakugeuka, na jikoni mle hakurudi tena.