Bunduki Aliyoichagua Mjomba Akiwa Amefumba Macho

Mjomba wangu tulimzika Jumamosi iliyopita. Wengi walimjua kama seremala aliyetengeneza mabenchi ya kanisa letu na nusu ya milango ya mtaani. Mimi aliyenilea, niliyepiga vanishi katika karakana yake tangu nimalize sekondari, nataka kueleza habari ya bunduki yake. Habari hii ilimchekesha mpaka wiki yake ya mwisho, na ninamshukuru Mungu kwa kicheko hicho.

Mjomba alikuwa akiwinda kwale milimani na shemeji yake, mwenye bucha. Walikuwa na sharti moja: anayerudi mikono mitupu hubeba ndege wa mwenzake mpaka nyumbani, akipita katikati ya mtaa. Kwa misimu miwili mbebaji alikuwa Mjomba. Shemeji akambandika jina la Mpiga Mawingu, na likashika hata kwa wateja: "Mpiga Mawingu, meza yangu tayari?"

Kosa lake lilikuwa la kiseremala. Bunduki yake ya marisau aliinunua kwa kupenda mbao za kitako, nyeusi, zenye mishipa myekundu. Lakini ilikuwa nzito na ndefu, ikimkwama kwapani kila alipoiinua. Na kwale hamsubiri mtu. Huruka ghafla kutoka karibu na miguu yako, na ukichelewa kidogo tu, ameshavuka kilima.

"Nikibeba tena msimu huu, naacha kuwinda," aliniambia huku akipiga randa, bila kunitazama.

Nilijua hatanii. Tangu shangazi, mkewe, afariki, milima ile ndiyo mahali pekee alipotoka akiimba. Nikamwombea, kisha nikamsindikiza duka la silaha akaibadilishe.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja mwenye miwani minene. Mjomba akaenda moja kwa moja kwenye bunduki inayong'aa kuliko zote, akaanza kupapasa kitako.

"Fundi," mama akasema, "umekuja kuwinda au kuposa?"

Nikacheka. Mjomba akanikata jicho.

Mama akafungua bunduki moja baada ya nyingine, kuhakikisha hazina risasi. "Tazama ile saa ukutani. Sasa fumba macho, inua bunduki begani kama umeona ndege, halafu fumbua. Mtutu ukiwa unatazama saa bila wewe kuusogeza, hiyo ndiyo yako."

Ya kwanza ilitazama dari. Ile inayong'aa ilitazama kalenda. Ndipo mama akatoa nyuma ya kabati bunduki nyepesi ya mitutu miwili, kitako kimekwaruzika, rangi kama ya kreti la soda.

"Hiyo? Mama, hata kuku watanicheka."

"Fumba macho, baba."

Akafumba, akainua, akafumbua. Akarudia, na tena. Kila mara mtutu ulitazama katikati ya saa.

"Mpwa wangu," akaninong'oneza, "sura hana, lakini ananijua."

Msimu ulipofunguliwa niliwafuata mlimani. Shemeji akaitazama bunduki. "Hiyo ya kupigia ndege, au mguu wa stuli?"

"Tembea," Mjomba akajibu.

Mbwa wao wa kuwinda akasimama kidete mbele ya nyasi, na kwale wawili wakaruka. Shemeji akafyatua, akakosa. Mjomba sikumwona hata akilenga; bunduki ilikuwa tayari begani. Paa! Paa! Mmoja akaanguka kulia, mwingine kushoto.

"Asante, Yesu!" nilipiga kelele mpaka mbwa akageuka kunitazama.

Hadi tunashuka, shemeji hakuwa amepata hata unyoya. Mjomba akafunga ndege kwa kamba, akamvika shingoni. Tukachagua njia ndefu, kwa kinyozi, sokoni, mbele ya kanisa, Mjomba akitangulia kifua mbele.

"Taratibu, shemeji, usiwakunje mabawa! Hao wanatazamwa!"

Watu walipiga makofi vibarazani. Jina la Mpiga Mawingu likafa siku hiyo, na misimu mingi iliyofuata mbebaji akawa shemeji.

Kitako kile hakukigusa kwa msasa wala vanishi maisha yake yote, yeye aliyepiga vanishi hata mpini wa ufagio. Aliogopa kukiharibu.

Jumamosi, tulipotoka kanisani, shemeji aliomba jambo moja tu, abebe jeneza upande wa mbele.

"Niachieni," alisema, macho mekundu. "Huyu nimeshazoea kumbebea."

Akapita katikati ya mtaa, kichwa juu, taratibu, kama alivyoagizwa.