Ukweli kuhusu ile wheel ya Kedowa

Jamani, imekataa kuniingia akilini. Wesley wetu wa Roret ametutoka jana asubuhi akiwa wodini, na mimi bado napiga namba yake.

Wengi mnamjua kama fundi mzee wa malori ya majani chai. Mimi Akinyi nilimjua miaka ya tisini, nikiwa storekeeper wa spares pale Sotik, naye akikimbiza Datsun kuukuu kwenye mashindano ya uwanjani.

Alikuwa anasimama kaunta akijaribu nati kwenye kila bolti ya wheel, kwa vidole tu. Ikikwama katikati, anarudisha. "Hii imevutika, Akinyi. Lete ingine."

"Lakini ni mpya!"

"Mpya ya wapi? Mtu ametoa kwa gari ingine akapiga brush." Haki alinichosha! Foleni inafika mlangoni, yeye bado anazungusha nati.

Hakupaka grisi kwenye bolti. Alikaza kwa mkono, nati moja kisha ile ya upande wa pili, na baada ya raundi za kwanza alisimama akakaza tena huku watu wakimzomea.

Kitu kilichompandisha hasira ni mtu kukanyaga wheel spanner. Mafundi wetu wengi hufanya hivyo mpaka leo, wanaruka juu yake mpaka ilie, wanaona sasa ndiyo imeshika. "Hujakaza, umevuta bolti, itakatika!" alikuwa anakufokea mbele ya watu.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya Kedowa.

Familia yake ilikuja yote, wamevaa nguo za kanisani. Kabla ya mbio pastor alimwita Wesley kando aombewe, akaacha gari.

Kwenye kona, wheel ya mbele ilitoka. Ilivuka kamba ya watazamaji ikampiga Joel, kaka yake mkubwa. Alikufa pale pale kwenye nyasi, mkewe, Mama Cherono, akiwa amesimama karibu naye.

Jioni hiyo binamu yao alitueleza mimi na Wesley. Wakati wa maombi Joel alikuwa amechukua spanner, akaikanyaga kwa miguu kwenye kila nati, mzito vile alivyokuwa. Alikuwa anacheka. Alitaka mdogo wake awe salama.

Wesley alizitazama bolti zilizokatika, akanishika mkono. "Msiseme, nyinyi wawili. Mama Cherono asisikie kwamba bwana yake alijimaliza mwenyewe."

Basi watu wakasema Wesley hakukaza wheel. Wesley! Kuna waliokataa kumsalimia kanisani mpaka wakazeeka. Hakushindana tena. Alichuna chai ya Joel pamoja na ya kwake mpaka watoto wa Joel wakamaliza shule, na bado nilisikia mtu akimwita muuaji wa ndugu.

Nilimsihi aseme. Alinikasirikia vibaya.

Jana nilimkuta Mama Cherono mochari. Alikuwa amekuja hospitali kumwona shemeji yake, akafika wodini manesi wakikunja blanketi la Wesley.

"Mimi nilijua," aliniambia. "Joel alikuja pale kwa kamba akaniambia, nimekaza na mguu, hiyo haitoki leo. Nilinyamaza ndio watoto wasijue ni baba yao. Leo nilikuwa nimekuja kumwambia Wesley anisamehe."

Nililia tu.

Mwishowe akasema, "Andika, Akinyi. Weka kwa simu, Roret yote isome." Ndiyo maana naandika.

Wesley, mlikuwa mnapitana kanisani kila Jumapili, wewe ukimficha, yeye akikuficha, kitu ambacho nyote mlikijua. Kinachoniuma ni kwamba Mama Cherono amekosa kukukuta kwa dakika chache tu.

Sasa watu wanajua, lakini wewe hujui kwamba wanajua.

Lala, rafiki yangu. Wewe hukumuua mtu.